Soma Dhima ya Chuo, Kisha Uliza Usaili Uko Ghorofa ya Ngapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi, anayetembea kwa magongo na kupiga ngoma vizuri kuliko wengi ninaowafahamu, aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nataka kusomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Chuo nilichokichagua kimeandika katika dira na dhima yake kwamba kinamkaribisha kila mmoja. Je, niamini?" Ujumbe huo ulininyima usingizi, kwa sababu miaka mingi iliyopita nami niliyaamini maneno ya namna hiyo.

Mimi ni mtu wa Newala. Mguu wangu wa kushoto ulidhoofishwa na polio nikiwa mtoto, lakini nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ngoma si yangu. Katika mapiko, ngoma ya barakoa ya sisi Wamakonde, anayevaa barakoa hachezi peke yake: hulisikiliza pigo la ngoma iitwayo chinganga, mpigaji naye huitazama miguu yake, na mmoja akikosea, wote wawili wameharibikiwa. Mpigaji huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo niliposoma kijitabu cha chuo kimoja, kilichoeleza kwa lugha nzuri kwamba kazi yake ni kulea vipaji vya kila aina na kwamba utofauti wa wanafunzi ndio utajiri wake, niliona kama nimeandikiwa mimi. Mama aliuza korosho zake mapema, kwa bei ya hasara, ili nipate nauli.

Usaili ulifanyika ghorofa ya tatu, na lifti haikuwapo. Nilipofika juu jasho lilikuwa likinitiririka na jopo lilikuwa na haraka. Mmoja wao aliniuliza kama ninaweza kucheza sindimba. Nilimweleza kwamba mimi ni mpigaji. Akanijibu, kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko tusi, kwamba jukwaa lina masharti yake na kwamba ningefaa zaidi kufundisha darasani. Sikuombwa kupiga hata pigo moja. Nilizishuka zile ngazi kwa kukalia kidato kimoja baada ya kingine, nikiwa nimekikumbatia kijitabu chao.

Nilisoma kwingine, nikamaliza, nikarudi Mtwara. Leo mcheza mapiko bora katika kundi langu ni kiziwi: huisoma mikono ya mpigaji na kuudaka mtetemo wa ngoma kwa nyayo. Najivunia kijana huyo, na sitaficha kwamba kila anapopigiwa vigelegele mimi hulikumbuka lile jopo.

Ndugu yangu unayeota jukwaa, usiidharau dhima ya chuo, kwa maana ni ahadi iliyoandikwa na unaweza kuidai. Tena si hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataka mtu mwenye ulemavu apewe nafasi ya kukuza na kutumia kipaji chake cha sanaa, kwa faida yake na kwa kuitajirisha jamii nzima. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa ada ya maombi. Uliza usaili uko ghorofa ya ngapi, kama kuna mkalimani wa lugha ya alama, na hasa uliza nani alipewa nafasi ya mhusika mkuu katika onyesho la mwaka jana, kwa sababu orodha ya wahusika husema ukweli ambao ukurasa wa maadili hauusemi. Chuo kinachomdahili mwanafunzi mwenye ulemavu kisha kikamweka mlangoni kukata tiketi kwa miaka mitatu hakijamjumuisha. Nanyi walimu mnaokaa katika majopo hayo, msikilizeni mtu kwanza kabla ya kumpima kwa macho.

Nilimwandikia kijana wa Masasi maneno hayo, nikamwambia apige simu ofisi ya udahili bila kuomba radhi. Jana amenijibu. Usaili wa muziki ulipangwa ghorofa ya pili. Wamemwambia wanauhamishia ukumbi wa chini, na wamemwomba aje na ngoma yake.