Mama yuko kwenye kemo: alale au atembee?

SWALI: Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 56, ana saratani ya titi, na ameanza kemo hapa Mwanza. Ameshapata dripu mbili kati ya nne, moja kila baada ya siku 21. Kwenye kadi wameandika doksorubisini na siklofosfamidi, upasuaji utafuata baadaye. Dada yangu hataki mama aguse kitu chochote, hata kikombe chake anaoshewa. Mimi naona kukaa kitandani ndiko kunakomchosha zaidi. Anko naye amemkataza kulia, eti akiwa na huzuni dawa haitafanya kazi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe uko karibu na ukweli kuliko wenzako, ila dada yako naye ana siku zake za kuwa sahihi. Anko hana hata moja, nitamfikia.

Uchovu wa kemo si ule wa kutoka shambani. Wa shamba ukilala unaisha. Huu mtu analala usiku kucha na kuamka amechoka vilevile. Akizidi kulala, misuli inanywea, pumzi inakuwa fupi, na baada ya wiki chache kwenda chooni tu kunakuwa safari. Ndiyo maana mwaka 2022 chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo kwamba wagonjwa wanaopewa tiba kwa lengo la kupona wafanye mazoezi ya kutembea na ya kukaza misuli wakati tiba ikiendelea. Moja ya sababu kubwa ni kwamba yanapunguza uchovu huo.

Lakini siku 21 hazifanani. Chukueni kalenda, siku ya dripu muiandike namba moja.

Siku hiyo na inayofuata mama anaweza kuonekana mzima kabisa: anaongea sana, usiku hapati usingizi. Mara nyingi hiyo ni deksamethasoni, ambayo hutolewa pamoja na kemo kuzuia kutapika. Msidanganyike mkampeleka harusini. Siku hizi anywe maji kwa wingi na akojoe mara kwa mara, hata usiku, maana siklofosfamidi hukera kibofu. Mkojo ukitoka mwekundu au rangi ya chungwa, ni rangi ya doksorubisini. Rangi hiyo ikizidi siku mbili hivi, au akikojoa kwa maumivu, pigeni simu hospitali. Anayefua nguo zenye matapishi au mkojo siku hizo avae glavu.

Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano au ya sita nguvu hukatika. Hapo dada yako ashike usukani: apike, afue, abebe maji. Mama atoke tu kukaa barazani, afike getini na kurudi, basi.

Siku ya 7 hadi ya 14 ndiyo inayowatega wengi, kwa sababu mama anajisikia nafuu huku chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zikiwa chini kabisa. Atembee, ila si sokoni penye msongamano wala kwenye daladala iliyojaa. Kama mnafuga kuku, banda lisafishwe na mwingine. Akitaka kupalilia bustani avae glavu. Nunueni kipimajoto kama bado hamna. Joto likifika 38, au akitetemeka kwa baridi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Msimpe panadoli kwanza na kusubiri asubuhi. Inashusha joto huku maambukizi yakiendelea, na mtapoteza saa ambazo hamwezi kuzirudisha.

Baada ya hapo hadi dripu inayofuata ni siku zake njema. Mrudishieni jiko lake. Mgonjwa aliyeendesha nyumba miaka thelathini, ukimnyang'anya kila kitu, hata mwiko, anajiona mzigo. Mwacheni apike mboga akiwa amekaa, apange bajeti, amkemee mjukuu. Nyie chukueni mazito: ndoo za maji, gunia la mkaa, foleni ya bima.

Kiasi cha mazoezi? Kama hajazoea, aanze na dakika kumi za kutembea asubuhi au jioni, maana ngozi huungua upesi kwa jua wakati wa kemo. Aongeze polepole kuelekea dakika 30, mara tatu kwa wiki. Aweze kuongea akitembea. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Siku mbili kwa wiki ainuke na kukaa kwenye kiti mara kumi, apumzike, arudie. Hakuna haja ya jimu.

Aache mara moja na mwambie daktari akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio hali amekaa, miguu kuvimba, kuvuja damu fizi au pua, au maumivu mapya ya mfupa. Doksorubisini inaweza kuathiri moyo, kwa hiyo pumzi kubana akilala chali isisingiziwe uchovu. Na kabla ya kila dripu ulizeni majibu ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu: damu ikiwa imepungua sana, ratiba ya kutembea ishuke kwanza.

Sasa anko. Mwambie kwa heshima kwamba machozi hayapunguzi nguvu ya dawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, haukuona kwamba hali ya kihisia iliamua nani aishi zaidi. Mama akilazimishwa kucheka, anaanza kuficha. Leo anaficha huzuni, kesho anaficha homa ili asiwaangushe, na hiyo ya pili ndiyo inayoua. Anko akitaka kusaidia, awe ndiye wa kutembea naye jioni, na mama akilia njiani amwache alie. Huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili bila kuachia, hataki kula wala kuona watu, mtajeni kliniki. Nayo ina matibabu.

Mwisho, chukueni daftari la shule. Kila jioni mama mwenyewe aandike joto lake, ametembea dakika ngapi, na uchovu wa siku hiyo kati ya 0 na 10. Mlibebe kwenye dripu ya tatu. Daktari atapata mengi humo kuliko kwenye ugomvi wenu wawili mlangoni kwake.