Maswali Yenu: Mtunya na mzigo wa kilo 25

SWALI: Ukame si mgeni Ugogo. Kwa nini basi njaa ya Mtunya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, iliua watu wengi kiasi kile? Na wapagazi, mbona walikufa wengi kuliko askari? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Tuanze na mpagazi, maana ndiye anayeieleza njaa yenyewe. Vita vilipofika Afrika Mashariki Agosti 1914, farasi na nyumbu hawakudumu. Mbung'o waliwaambukiza ugonjwa wa nagana wakafa kwa makundi. Ukishaiacha reli, usafiri uliobaki ulikuwa kichwa cha mtu.

Piga hesabu. Mzigo ni kama kilo 25, posho ni kama kilo 1 ya unga kwa siku. Mpagazi akienda siku 10 na kurudi siku 10 huku akila mzigo huohuo, amemaliza kilo 20. Askari wamepata 5. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyosogea porini ndivyo watu walivyozidi kukamatwa, wengi wao wabebe chakula cha wapagazi wenzao. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000.

Risasi iliua wachache. Mtu aliyezoea ndizi alipewa unga wa mahindi wenye chenga, akafika kambini usiku, kuni zimelowa, sufuria moja inagombewa. Akala ugali mbichi. Tumbo likachafuka, kuhara damu kukafuata, na kesho yake mzigo ulikuwa palepale ukimsubiri.

Sasa Ugogo. Reli ya Kati inapita hapo, kwa hiyo majeshi yote mawili yalikula hapo. Wajerumani walitwaa nafaka, ng'ombe na vijana. Waingereza walioingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916 nao wakatwaa. Kwa Mgogo ng'ombe ni ghala la pili: mtama ukikosekana, unaswaga mifugo kwa jirani ukabadilishane nafaka. Safari hii zizi lilikuwa limepungua, majirani nao wamekombwa, na wa kulima wamepelekwa upagazini. Mvua ziliposhindwa hapakuwa na pa kukimbilia, na mwishoni mwa 1918 mafua makali yakawakuta watu tayari wamedhoofu. Inakadiriwa walikufa 30,000 kati ya watu kama 150,000. Kuiita Mtunya njaa ya ukame tu ni kuwasamehe waliokomba maghala.

SWALI: Ni kweli huku vita viliendelea baada ya kwisha Ulaya? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Ni kweli. Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918. Kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilikuwa eneo la Kasama, Zambia ya leo, na habari ikamfikia siku mbili baadaye. Silaha alizikabidhi Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Jina Kariakoo mnalolitaja kila siku ni mabaki ya vita hivyo: ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kwa matamshi yetu.