Kanali, Kanali mstaafu, au Bwana tu?

SWALI: Mwenyekiti wa chama chetu cha kuweka na kukopa alilitumikia jeshi hadi akastaafu akiwa na cheo cha kanali. Kila barua anayoisaini huwa na jina lake likitanguliwa na neno "Kanali", bila nyongeza yoyote. Baadhi ya wajumbe wanapinga, wakisema kwamba cheo cha jeshi kiliishia langoni mwa kambi siku alipostaafu. Wengine wanasema ni haki yake ya maisha. Katibu wetu, akitaka kuwaridhisha wote, ameanza kuandika "Mstaafu Kanali". Je, Kiswahili sanifu kinataka tuandikeje, na je, inafaa cheo hicho kitumike katika shughuli za kiraia?

JIBU: Mwenyekiti wenu anastahili kuitwa kanali, lakini neno hilo halipaswi kusimama peke yake katika barua za chama. Wajumbe wanaopinga wameona tatizo la kweli, ila wamelikosea chanzo chake, kwa kuwa wamechukua cheo na wadhifa kuwa kitu kimoja.

Wadhifa ni kazi aliyokabidhiwa mtu, na siku anapomwachia mwingine kazi hiyo hana tena dai juu yake: kamanda wa kikosi akihamishwa, si kamanda wa kikosi kile tena, hata kama angali jeshini. Cheo ni daraja ambalo mtu amepandishwa kwa taratibu za jeshi, nalo humfuata popote anapopangiwa, awe ana askari wa kuwaongoza au awe yuko masomoni. Ndiyo maana majeshi mengi humwacha afisa aliyestaafu kwa heshima aendelee kutambulika kwa daraja alilofikia, ingawa mamlaka ya kutoa amri yamekwisha. Desturi hii ina mipaka yake pia. Nchini Uingereza, kwa mfano, meja, kanali na majenerali waliostaafu huendelea kuitwa kwa vyeo vyao, ilhali luteni aliyeacha jeshi hurudi kuwa "Bwana" kama raia wengine. Kabla ya kubishana, basi, ni vizuri kujua taratibu za jeshi husika zinasemaje, kwa sababu lugha haiwezi kumpa mtu cheo ambacho jeshi lake halikumwachia.

Tukija kwenye uandishi wenyewe, "Mstaafu Kanali" si sahihi, hata kama nia ya katibu ni njema. Neno "mstaafu" hapa linafanya kazi ya kivumishi, na katika Kiswahili kivumishi hukaa nyuma ya nomino inayofafanuliwa: tunasema rais mstaafu, jaji mstaafu, mwalimu mstaafu. Hatusemi "mstaafu mwalimu", na hakuna sababu ya jeshi kupewa sarufi yake. Kwa hiyo andikeni "Kanali mstaafu" kisha jina. Wakiwa wengi, "makanali wastaafu". Magazeti hufupisha kwa kuandika "Kanali (mst)" kabla ya jina, na ufupisho huo unakubalika pale nafasi inapokuwa finyu, kama katika orodha ya waliohudhuria kikao. Katika barua rasmi ningependelea neno kamili.

Mahali panapowatatiza waandishi zaidi ni pale cheo na wadhifa vinapoandikwa pamoja. Mtu akiandika "Mkuu wa Majeshi mstaafu Jenerali mstaafu", amesema jambo moja mara mbili na sentensi imekuwa nzito. Akiondoa "mstaafu" ya pili, msomaji anaweza kudhani kwamba jenerali huyo bado yumo jeshini na ameacha ukuu wa majeshi tu. Njia iliyo safi ni kutumia "aliyekuwa" kwa wadhifa na "mstaafu" kwa cheo: "aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali mstaafu", kisha jina. Hapo kila neno lina kazi yake, na msomaji hahitaji kukisia.

Tofauti hiyo ya "aliyekuwa" na "mstaafu" inafaa kulindwa kwa jambo lingine pia. Kustaafu ni kumaliza utumishi kwa utaratibu uliowekwa, ama kwa umri, ama kwa muda wa kazi kutimia, ama kwa kuruhusiwa mapema. Afisa aliyefukuzwa na kuvuliwa cheo si mstaafu, na kumwita "meja mstaafu" ni kumrudishia kwa kalamu kile alichonyang'anywa kwa hukumu. Huyo ni "aliyekuwa meja". Naye aliyetumikia miaka michache kisha akaacha kazi kwa hiari aende kusoma au kufanya biashara, anaelezwa vizuri zaidi kwa kusema kwamba aliwahi kuwa luteni jeshini. Waandishi wa habari hulitupa neno "mstaafu" kwa kila aliyewahi kuvaa magwanda, na kwa kufanya hivyo wanawapunja wale waliolipata kwa utumishi mrefu.

Sasa je, inafaa? Marekani ina kanuni ambayo naiona kuwa ya busara sana. Wanajeshi wake waliostaafu wanaruhusiwa kutumia vyeo vyao hata katika shughuli za biashara, mradi waonyeshe wazi kwamba wamestaafu, na mradi matumizi hayo yasimfanye mtu adhani kwamba Wizara ya Ulinzi inaiunga mkono biashara hiyo. Tazameni jinsi uzito wote wa kanuni hiyo unavyobebwa na neno moja, mstaafu. Kanali anayesaini barua bila neno hilo huwafanya wasomaji waamini, hata kama hakukusudia, kwamba nyuma ya saini yake kuna jeshi zima. Mwanachama anayedaiwa mkopo akipokea barua ya namna hiyo anaweza kutishika kwa sababu isiyohusiana kabisa na deni lake, na hilo ni jambo zito katika chama cha fedha, ambamo kila mwanachama anatakiwa kusikilizwa sawa na mwenzake.

Wapo waliolielewa jambo hili vizuri. Dwight Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya washirika barani Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, alijiuzulu jeshi mwaka 1952 ili agombee urais, na kwa miaka minane iliyofuata aliitwa Rais. Alipotoka madarakani mwaka 1961 Bunge la Marekani lilimrudishia cheo chake kwa sheria, naye alipenda kuitwa Jenerali kuliko kuitwa Rais. Cheo hicho alikipenda kwa dhati, lakini alipokuwa na kazi ya kiraia alikiweka kando na kuitwa kwa jina la kazi hiyo. Charles de Gaulle aliitwa Jenerali hata alipokuwa Rais wa Ufaransa, kwa kuwa taifa lilimfahamu hivyo tangu 1940. Hata hivyo, katika wosia aliouandika mwaka 1952 aliagiza kwamba kaburi lake liandikwe jina na miaka yake tu, na ndivyo lilivyo. Kwetu, Jakaya Kikwete aliondoka jeshini akiwa luteni kanali mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejea, na alipokuwa Rais ni nadra mtu kusikia akitajwa kwa cheo hicho.

Ni muhimu pia mwenyekiti wenu ajue kwamba cheo kisichofuatwa na "mstaafu" kinaweza kumgeukia mwenyewe. Mwezi Desemba 2019 gazeti la Punch la Nigeria lilitangaza kwamba tangu siku hiyo litamtaja Rais Muhammadu Buhari kwa cheo chake cha zamani cha Meja Jenerali. Buhari alikuwa ameingia madarakani kwa kura mwaka 2015, lakini aliwahi kuitawala nchi hiyo kijeshi kati ya 1983 na 1985, na gazeti lilitaka kusema kwamba anatawala tena kwa mtindo ule. Cheo kilekile ambacho kwingine kingekuwa heshima kiligeuzwa kuwa lawama, bila kuongezwa neno lolote la matusi, kwa sababu msomaji anapoona cheo cha jeshi mbele ya jina la kiongozi wa kiraia husikia amri.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa barua zenu ni huu. Anaposaini kama mwenyekiti, kinachompa nguvu ya kusaini ni uchaguzi wenu, kwa hiyo jina lake na neno "Mwenyekiti" vinatosha. Cheo chake kiandikwe kikamilifu, "Kanali mstaafu", pale kinapomweleza: katika wasifu wake, katika orodha ya wajumbe, katika mwaliko wa sherehe, au anapoandika makala kuhusu mambo ya ulinzi, ambako utumishi wake ni ushahidi wa ujuzi wake. Msimrundikie majina ya heshima yakafuatana kama "Mheshimiwa Kanali mstaafu Mwenyekiti"; chagueni moja linalohusiana na shughuli iliyopo.

Kuzungumza naye ana kwa ana ni jambo tofauti. "Mstaafu" ni neno la maelezo, halitumiki kumwitia mtu, na kumsalimu "Shikamoo, Kanali mstaafu" ni kumkumbusha uzee wake bila sababu. Mkipenda kumwita "Kanali" katika mazungumzo, mwiteni hivyo kwa moyo mweupe. Na akiwa ameketi na waliowahi kuwa chini yake, wakamwita "afande", hayo ni yao na yamejengwa kwa miaka ya kazi. Mjumbe ambaye hakuwahi kuwa askari hana wajibu wa kumwita afande, na akimwita "Mwenyekiti" kikaoni atakuwa amempa heshima anayostahili mahali pale.