Barua kwa Mwanangu: Watoto na Habari za Babu Yao

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama. Unasema kwamba kitindamimba wako, ambaye siku ya mazishi aliambiwa na mmoja wa waombolezaji kwamba Babu amesafiri, sasa anauliza kila jioni atarudi lini, huku dada yake akimkemea kwamba Babu yuko ndani ya udongo karibu na mwembe. Umeuliza umwambie nini, na ufanye nini ili wote wawili wasimsahau. Nitaanza na lile la kwanza kwa sababu ndilo jepesi.

Mwambie mtoto kwamba Babu alikufa. Mweleze kwamba mwili wake uliugua hadi ukaacha kufanya kazi, kwamba hasikii tena baridi, njaa wala maumivu, na kwamba harudi. Usiseme amesafiri, kwa maana baba yao naye husafiri kikazi kila Jumatatu, na usiseme amelala, maana utakuja kushindwa kumpeleka mtoto kitandani. Usishangae akikusikiliza vizuri, akaitikia, kisha kesho yake akauliza yale yale. Watoto walio chini ya miaka mitano hivi hudhani kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Dada yake, ambaye ametimiza saba, ameanza kufahamu kwamba hilo haliwezekani, na ndiyo sababu anamkaripia. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Wewe mjibu mdogo kwa maneno yale yale kila anapouliza. Habari za mbinguni, ambazo najua mama mkwe wako angependa zitangulie, zinaweza kusubiri kidogo, kwani mtoto akiambiwa kwanza kwamba Babu yuko juu, atauliza mbona tulimzika chini, na sijui ni nani kati yenu atakayemjibu.

Sauti yako ikikatika unapomtaja baba yako mbele yao, iache ikatike, lakini waambie unalilia nini. Mtoto anayemwona mama yake akilia bila kuelezwa sababu huweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Sasa la kumkumbuka. Mwanao mdogo hatamkumbuka baba yako, na ni heri ulijue hilo mapema. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya jambo lolote lililotokea kabla hawajatimiza miaka mitatu hivi. Atakachokuwa nacho ni yale tutakayomsimulia, nayo yatamtosha. Wewe mwenyewe ulikuwa mchanga mama yangu alipofariki, lakini ukizungumza habari zake, mgeni hudhani mliishi nyumba moja.

Ila usiwakalishe watoto ukawahutubia. Wasimulie mkiwa kazini: unapomenya viazi, unapowaogesha, unapowalaza. Bila shaka unakumbuka kwamba baba yako, akiwa gadi wa treni, hakujua hadithi za sungura na fisi, kwa hiyo alikulaza kwa kukutajia vituo kutoka Nakuru: Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, Kisumu. Akikukuta bado u macho Kibigori, alirudi Nakuru akaanza upya. Mfundishe mkubwa vituo hivyo, naye atamfundisha mdogo, hata wakivichanganya. Isitoshe, mnaishi Nakuru, pale njia ya Kisumu inapoachana na ile ya Eldoret na Malaba. Wapelekeni siku moja waione. Waeleze kwamba reli ilifika ziwani mwaka wa 1901, mji huu ukiitwa Port Florence, jambo ambalo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuondoka kwetu bila kulisikia. Waambie pia kwamba treni ya abiria iliporejea Kisumu mwishoni mwa 2021, baada ya kukosekana kwa miaka mingi, Babu alinivalisha nguo za kanisani twende kuitazama ikiingia, ijapokuwa hatukuwa na mtu wa kumpokea.

Lakini usimfanye malaika. Baba yako alikuwa na hasira za karibu, na shilingi ilitoka mkononi mwake kwa shida. Alikukatalia ile ziara ya shule ya Mombasa, ukaacha kumsemesha, naye kwa ukaidi wake akaacha kukusemesha, nikawa mimi wa kupeleka ujumbe kutoka sebuleni hadi jikoni. Watoto wakisikia mema matupu, siku moja wajomba zao watawasimulia mengine, nao watajiuliza ni yupi Babu wa kweli. Hadithi ya Mombasa waambie wewe mwenyewe. Najua siku hizi unaicheka.

Likizo ya Agosti ikifika, waleteni. Koti lake la kazi bado lipo, na sitampa mtu kabla hujaamua. Mdogo akitaka kuliona kaburi tutampeleka mchana, na akichoka mara moja akaanza kuwafukuza kuku, asikemewe na yeyote, hata na shangazi yako. Nijulishe siku mapema ili niagize samaki kwa wavuvi wa ufuko wa Dunga. Kichwa kilikuwa cha Babu daima. Safari hii itabidi wakigombanie wao.

Wasalimie wote.

Mama yako,
Kibos, Kisumu