Bandeji mbichi: kwa wauguzi wapya wa wodi ya mifupa

Wadogo zangu mnaoripoti mwezi huu, nianze na mama mmoja wa nyonga. Nyonga yake bandia ililegea, akafunguliwa mara ya pili kubadilishiwa. Siku ya 5 bandeji ilikuwa mbichi, rangi ya chai kavu. Nikaibadilisha. Kesho yake nikaibadilisha tena, na kwenye ripoti ya zamu nikaandika "inavuja kidogo". Daktari wa zamu akaandika vidonge vya antibiotiki. Siku ya 11 ukatoka usaha.

Kilichoniponza ni lile neno "kidogo". Kidonda cha kiungo bandia kinachovuja kupita siku 5 hadi 7 ni cha kumwita daktari aliyempasua aje akione kwa macho yake, kwa sababu mara nyingi tiba ni kurudi tiata, chumba cha upasuaji, kusafishwa. Panapotoka maji ndipo bakteria wanapoingilia. Vidonge vinaweza kutuliza juu, huku chini wakijijengea utando kwenye chuma na plastiki, na humo dawa haiwafikii ipasavyo. Zaidi ya hapo vinavuruga maabara: sampuli inaoteshwa, haioti kitu, na ugonjwa upo. Siku hizi nauzungushia unyevu mstari wa kalamu juu ya bandeji na kuandika saa. Zamu inayofuata haina la kubishana.

Msidhani marudio, yaani kubadilisha kiungo bandia, ni sawa na upasuaji wa mara ya kwanza. Kovu halipati damu vizuri, kazi inachukua saa nyingi, na pengine kilicholegeza kiungo ni maambukizi yaliyojificha tangu zamani. Ndiyo maana kabla ya kupasua hupimwa ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, na maji ya kiungo huvutwa kwa sindano. Mgonjwa akiwa hana dharura, antibiotiki husimamishwa wiki 2 kabla. Tiata nako vipande vya nyama vya kupimwa maabara hukatwa vitano hivi, kila kimoja kwa kifaa chake safi na chupa yake. Nimewahi kumkuta mgeni kavitia vyote chupa moja ili kuokoa chupa! Kijidudu kikiota kwenye chupa moja huenda kimetoka kwenye ngozi. Kikiota kilekile kwenye mbili, hapo pana ushahidi. Waambieni maabara wasubiri hadi siku 14, maana Cutibacterium acnes, bakteria wa ngozi, huota polepole.

Sefazolini, antibiotiki ya kukinga maambukizi, iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, na kwa goti kabla ya mkanda wa kubana damu kujazwa. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni dozi ya pili baada ya saa 4, na marudio hufika huko. Andikeni saa ubaoni, kubwa.

Kwa anayesubiri upasuaji: wembe wa kunyolea nyumbani, hapana. Sukari ishuke kwanza, sigara iachwe mapema.

Anayeruhusiwa mpeni namba ya simu ya wodi, mwambieni bandeji ikilowa asikimbilie duka la dawa.

Mama yule alitolewa nyonga bandia, akawekewa saruji ya mifupa yenye antibiotiki, akatembelea magongo miezi 3 akisubiri nyingine. Kila nilipopita kitandani kwake aliniuliza, "Sista, leo ni kavu?"