Wewe wa Bagamoyo, usifungue hilo bomba kwanza

Mkuu simama hapohapo. Uliposema unataka kuuza maji ya kisima chako, unatia kifuniko kimoja cha klorini, ile dawa ya kuua vijidudu vya maji, kila Jumapili na fundi kasema inatosha mpaka Jumapili ijayo, nimeshindwa hata kumaliza chai. Mi nlikuwa na kisima Mikanjuni hapa Tanga, nauza maji kwa ndoo kama unavyotaka wewe, na nikaambiwa maneno hayohayo.

Sikia sasa. Nlinunua ndoo nzima ya klorini ya unga nikaiweka stoo ya mabati, kifuniko hakibani vizuri, na joto la Tanga unalijua. Miezi inapita, unga mweupe vilevile, unanuka vilevile, mi najua dawa ipo, kumbe ikikaa kwenye joto na unyevu inaisha nguvu taratibu. Masika ikaingia, maji yakawa na kaukungu hivi nikasema udongo tu huu, yatatulia. Sasa ule uchafu ndo unakula klorini kabla haijagusa vijidudu, halafu huku pwani chini ni jiwe la matumbawe lina nyufa, mvua ikipiga maji ya choo cha jirani yanafika kisimani bila kuchujwa. Siku nne tu watoto wa mtaa wanaharisha, wangu wawili wamo. Bwana afya akachukua sampuli, majibu: vijidudu vya kinyesi. Nikafungiwa wiki tano, nikamwaga maji, nikasugua matanki, wateja wakahamia kwingine mpaka leo. Mama mmoja kanikuta sokoni, "wewe ndo ulotunywesha choo". Nikacheka, ningefanyaje.

Fundi wangu nilivyompigia eti "bosi, labda wamekula maembe". Maembe! Msimu ulishaisha zamani!

Na usidhani ni ushamba wetu. Walkerton kule Kanada, Mei 2000, mvua kubwa, samadi ikaingia kisimani, na wahusika walizoea kujaza daftari la klorini bila kupima. Watu 7 wakafa, zaidi ya 2,000 wakaugua. Kanada hiyo, sio Mikanjuni.

Kwa hiyo PIMA. Sio kunusa, sio kukumbuka ulitia lini. Tia dawa, subiri nusu saa, kinga maji kwenye bomba lilelile anapokingia mteja, tia kidonge cha DPD, kile cha kupimia klorini, yageuke pinki ulinganishe na rangi za kwenye kipimo. Baada ya nusu saa nataka klorini iliyobaki iwe miligramu 0.5 kwa lita, na bomba la mwisho isishuke 0.2. Kila siku, na mvua ikinyesha rudia. Haisomi, funga bomba, wateja wanune. Kwa kuanzia tanki la lita 1,000 unga mpya wa asilimia 65 hadi 70 ni kama gramu 3 tu, na maji yakiwa na ukungu usitie kwanza, yachuje.

Ulivyouliza pampu na bei ya ndoo mi sijui, wengine watakujibu. Ila choo cha jirani kiko hatua ngapi toka kisimani? Hujasema.