HSP70 kwa panya mmoja ipo, kwa mwingine haipo

Ndugu, umesema panya wote walipata dozi moja ya asidi ya kainiki, kemikali inayoleta degedege, ila HSP70, protini ambayo seli hutengeneza zikibanwa na joto au madhara, imeonekana kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) za baadhi tu. Tena unauliza kama seli zilizoshika rangi ya HSP70 ndizo zinazokufa.

Kabla ya kulaumu kingamwili (protini unayotumia kuitambua HSP70 na kuipa rangi), rudi kwenye daftari. Dozi isikudanganye, cha kutazama ni muda wa degedege. Panya aliyetikisa kichwa dakika chache hafanani na aliyedegedeka saa nzima. Andika dakika ya kuanza na ya kukoma kwa kila mmoja, kwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ukiweza, na ukomeshe degedege kwa dawa ya diazepamu baada ya muda uleule. Dozi ya dawa hiyo panga na daktari wa wanyama wa maabara. Ikizidi, pumzi hukatika.

Halafu, kingamwili yako inashika nini? HSC70, protini ndugu ya HSP70, imo kwenye seli za neva siku zote, hata za panya mzima kabisa. Ikishika zote mbili, kila kipande cha ubongo kitakolea nawe utafurahi bure. Weka kipande cha panya asiyepewa kainiki: kikikolea, simama hapo hapo.

Protini itazame saa 24 baadaye, mRNA, nakala ya maelekezo ya kuitengeneza, hutangulia. Pima joto la mwili pia, maana joto kali peke yake huamsha HSP70.

Kuhusu kufa: rangi inasema seli ilibanwa, basi. Iliyoumia vibaya huweza kuwa na mRNA bila protini, kwa kuwa utengenezaji wa protini umekwama. Paka Fluoro-Jade, rangi inayoshika seli za neva zinazoharibika, kwenye kipande jirani ndipo uhesabu zinazokufa.